Pacha wa Namba Nne

Pasipoti ya kaka yangu ina miaka thelathini na mmoja.
Mimi niliyelala naye tumbo moja nina thelathini na sita.
Alinitangulia kwa robo saa, ndiyo maana
yeye ni Bukuru na mimi Butoyi,
na aliyekuja baada yetu akaitwa Kiza,
kama ada ya Waha inavyotaka.
Kiza ana thelathini na mitatu.
Piga hesabu mwenyewe.
Kwetu jina ni cheti cha kuzaliwa
na hakuna karani wa kulifuta.

Aliyeipunguza ni Mwalimu Nkanabo, kwa kalamu ya bluu,
kule Kasulu, basi la timu limeshawashwa,
ili Bukuru acheze na watoto.
Tulicheka njia nzima.
Miaka minne na ushei
tuliiona kama chenji iliyozidi dukani:
unaitia mfukoni, unatembea haraka.

Sasa mwenye duka anabisha hodi.

Akija likizo analala kwangu, Mwanga.
Alfajiri nasikia anavyokwenda uani,
hatua, kimya, hatua,
kama aliyebeba ndoo iliyojaa hadi mdomoni.
Simuulizi goti.
Nainua dumu la mawese, kiuno kinalia,
na najua chake kinapolia, kwa kuwa ni kilekile,
tumegawiwa tu.

Alhamisi walikuja wawili na kamera
hadi kwenye mashine yangu ya kukamulia.
"Tunamtafuta ndugu yake Bukuru."
Sikuwa nimenyoa. Shavu la kushoto lote mvi.
Nikawaambia huyo ndugu
amekwenda Uvinza kununua chumvi,
atakaa sana.
Usiku ule nilinyoa gizani.

Vijiweni Ujiji wanamgawana kama nyama ya msiba:
huyu anataka apumzishwe kwa heshima,
yule anasema heshima gani, apumzishwe tu.
Wanataja mechi ya Ndola, dakika ya themanini na saba.
Niliiona. Nilikuwa bandani, kwenye benchi la mbele,
na mshambuliaji wao alipokata ndani
kiuno changu kiligeuka palepale nilipokaa,
soda ikamwagika.
Kaka naye aligeuka.
Tuligeuka pamoja
na sote wawili tulichelewa.

Lakini Jumamosi, Katonga, mchangani,
alicheza na vijana. Yasini Ntakije wa Gungu,
miaka ishirini ya kweli, mama yake namjua,
alimponyoka mara mbili kama mgebuka mkononi.
Watu wakapiga miluzi. Mimi nikaangalia ziwa.
Mara ya tatu Bukuru hakukimbia.
Alirudi nyuma hatua mbili, akasogea moja pembeni,
hakuutazama mpira, alitazama nyonga ya yule mtoto,
na mpira ukamjia wenyewe
kama mbuzi anayejua zizi lake.
Yasini alisimama, mikono kiunoni,
akitafuta alikopotelea.

Hilo utalipima na saa gani?
Sijui. Na lile la Ndola je?
Nalo silijibu.
Mimi ni mkamua mawese, najua hili tu:
chikichi lililoiva sana ndilo lenye mafuta,
na ndilo linalodondoka.

Jumatatu saa kumi redio ilikuwa juu ya pipa.
Kaka alikuwa ananisaidia kujaza madumu,
mikono myekundu hadi viwiko.
Wakasoma makipa, watatu.
Wakasema, "Mabeki,"
kisha yule msomaji akakohoa, akaomba radhi.

Bukuru akafunga kifuniko cha dumu. Akakifungua. Akakifunga.
"Butoyi," akasema, "hivi sisi tuna mingapi?"
Miaka kumi na sita hakuwahi kuniuliza.
"Thelathini na sita," nikamwambia.

Akafikiri.
"Hapana," akasema. "Hadi Novemba."