Herufi Nane

Chumba changu cha cherehani kiko chini ya ofisi ya meneja,
na bomba la joto linapita katikati yetu.
Toledo ikishikwa na baridi, joto hushuka pamoja na maneno.
Bwana Pruitt hajui. Miaka kumi na tisa, hajui.

Msimu ulipofunguliwa nilimsikia akicheka kwenye simu:
"Guillory? Raundi ya kwanza, na beki wenu juu yake.
Hamtaki? Usiku mwema."
Akakata. Chema chajiuza; alikuwa na haki ya kukata.

Kisha kikaja kikombe.
Cha plastiki, kifuniko cha buluu, mkojo wa asubuhi,
na karatasi ya maabara yenye neno refu kuliko sindano yangu.
Lu alisema ni kidonge cha kufukuza usingizi,
kapewa na shemeji yake Opelousas, usiku wa mazishi ya baba,
ili aendeshe gari mpaka kuche, awahi mazoezi.
Huenda kweli. Huenda si kweli.
Bomba halileti sababu. Linaleta bei.

Ligi ikamfungia mechi sita.

Jumatatu: raundi ya pili.
Jumatano: ya tatu, na beki hatajwi tena.
Ijumaa sauti ya Bwana Pruitt ilikuwa ya mtu
anayeuza nyanya soko likifungwa,
na mvua hiyo inakuja.

Nikachukua chaki, nikapiga hesabu juu ya meza:
kumi na saba, toa sita, kumi na moja.
Kapungua theluthi na kidogo, basi.
Miguu ni ileile. Viganja ni vilevile,
nilivipima mwenyewe kwa ajili ya glovu,
kidole cha kati kinapita utepe wangu wa inchi nne.
Mbona anashuka kama ndoo iliyokatika kamba?

Siku ya tisa bomba likanijibu.
Mnunuzi alikuwa kwenye spika, anaongea taratibu, kama daktari:
"Hizo sita nimeshazisamehe. Ninachokata ni kosa la pili."
La pili! Ambalo hajalitenda.
Ni yule mtu anayekagua nyumba, akaona doa moja la maji darini,
akakata bei ya paa zima,
na ya mvua ya mwaka kesho.

Raundi ya tano.
Akicheza mechi nane kwao, itahesabiwa ya nne.
Asipocheza, ndiyo hiyo hiyo.

Aliaga watu wawili, mimi na mkata nyasi.
Alisimama mlangoni, begi begani, kichwa kinagusa fremu.
"Bi Halina, jezi yangu unaifumua lini?"
"Kesho."
"Fumua sasa. Nione."

Nikafumua.
G ilikataa, nilikuwa nimeishona kwa hasira mwaka ule wa ushindi,
uzi mara mbili.
U na I zikaja.
L mbili zilitoka kama meno ya mtoto.
Alipoona O imebaki peke yake na R na Y
alicheka kidogo, puani,
akasema ndege yake ni saa nane.

Aprili raundi ya tano ikaja na miguu miwili:
kijana wa Nebraska, mashavu mekundu,
anaomba radhi hata mlango ukimgonga yeye.
"Jina?"
"Gilroy, mama."
Nikafungua kopo la biskuti ninamoweka herufi.
G. I. L. R. O. Y.
Zote zilikuwemo, za rangi moja, tayari zimezoea jasho.
Sikukata kitambaa kipya hata kidogo. Klabu inapenda hivyo.

Juu, Bwana Pruitt alikuwa anataja bei ya mtu mwingine.
Mezani zilibaki mbili, L na U,
zimelala hivyo, kwa mpangilio huo, mimi sikuzipanga.

Kopo lina nafasi. Sikuzirudisha.