Yasiyomo Katika Muhtasari

Katika muhtasari nimeandika: kikao kilifunguliwa saa nne kamili.
Sikuandika kwamba ufunguo wa ukumbi alikuwa nao Heldur,
na Heldur alikuwa bado anakamua ng'ombe,
upande wa Estonia,
tukasimama nje, halmashauri mbili za nchi mbili,
tukipuliza viganja kama watoto waliochelewa shule.

Kinamasi ni kimoja. Sisi Walatvia twakiita Melnsūna,
wao Mustsammal; kwetu na kwao maana ni kuvumwani nyeusi.
Baba zetu walikikausha kwa mitaro mia na kumi na saba
wapate mboji ya kuchoma,
na mitaro haikuuliza mpaka uko wapi.
Tukiziba sisi peke yetu, maji yanahamia kwenye viazi vya Heldur.
Wakiziba wao, sisi tunabaki na vumbi linalofuka kila Julai,
moto unaotambaa chini kwa chini kama fitina:
huuoni mpaka mti umeanguka.

Nimeandika: wajumbe walipitia ramani.
Sikuandika kwamba ramani zilikuwa mbili,
na baina ya yao na yetu palibaki upenyo wa mita arobaini,
nchi isiyo na serikali,
na humo biva walikuwa wamejenga.

Biva, wanyama wa meno ya njano, mkia mpana kama mwiko,
wala kwao kuvuka si mwiko.
Bila zabuni, bila barua yenye kumbukumbu namba,
walikuwa wameziba mitaro sita.
Mhandisi Sanita alipima kina, akapima tena,
akafuta miwani.
"Ni kimo tulichochora," alisema, "pungufu sentimita tatu."
Hizo tatu ndizo tulizolipia upembuzi yakinifu miaka miwili.

Suala la upepo lilichukua alasiri nzima.
Mitambo minne, si pale korongo wanapotagia,
bali kwenye uwanja wa zamani wa kuchimba mboji,
uliokwisha kuuawa, usio na wa kuulilia.
Kila kaya, hisa moja.
Bibi Valija, aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani,
akauliza: nikiwasha taa usiku, mwanga huo utakuwa wa Kilatvia?
Wanasheria wetu wakafunua makabrasha.
Heldur akajibu kabla yao:
"Upepo ukitoka kusini ni wenu, ukitoka kaskazini ni wetu.
Ukitulia, tulale wote."
Nimeandika: swali lilijibiwa.

Ajenda ya barabara iliahirishwa, mara ya nne sasa.
Mtu alipiga meza. Jina lake ninalo.

Wakati wa kutia saini, wino wa muhuri wetu ulikuwa umekauka kwa baridi.
Wakatusogezea kidau chao.
Basi tazama ukurasa wa kumi na mbili:
tai wetu amepigwa kwa wino wao,
rangi ya zambarau isiyoruhusiwa na waraka wowote wa Riga.
Niliuacha hivyo.

Sikuandika pia kuhusu baba yangu.
Mtaro wa arobaini na tatu aliuchimba yeye,
kwa koleo, majira mawili ya kiangazi,
wakampa nishani ya bati na godoro jipya.
Uliponisomea jina lake kwenye orodha ya mitaro ya kuzibwa,
kalamu ilisimama, Sanita, ukadhani sikusikia, ukarudia.

Baada ya kikao nilikwenda huko peke yangu.
Ubao wa kuzibia ulikuwa umepigiliwa juzi.
Maji yalikuwa yamepanda, meusi, yametulia,
bila haraka ya kwenda kwa yeyote.
Nikakanyaga mahali nilipokuwa nikiendesha baiskeli utotoni
na ardhi ikanimeza mpaka gotini.
Nilicheka kwa sauti. Miaka hamsini haikuwa na nguvu hizo.

Nilirudi nyumbani na kiatu kimoja.
Muhtasari umethibitishwa bila marekebisho.