Peso ya Kinyozi

Kila kukicha nanoa
wembe wangu, namnyoa,
naye kimya ametoa
shingo yake mikononi.

Macario Urrutia:
babaye alipakia
nyumbu kahawa, gunia
kwa gunia, bandarini.

Mwana akashika cheo
kwa bunduki na vileo
siku ile; hadi leo
kura zingali kapuni.

Akakopa na kukopa,
pwani nzima akawapa
wenye ndizi; akaapa
reli yaja mlimani.

Ikafia katikati
penye daraja la miti.
Mbuzi ndio wenye kiti
behewani, kivulini.

Binti yangu Fidelina
homa ilipombana,
alileta yeye bwana
kwinini, mwake kotini.

Nazario mchapaji,
wa gazeti, msemaji,
wiki hiyo, bila jaji,
akafia ukutani.

Kesho yake nikanoa.
Wembe shingoni wapoa,
roho ningeliitoa.
Nilinyoa tu, jamani.

Mlima ukatapika
jivu; jeshi likachoka;
naye usiku katoka
na gauni maungoni.

Miaka sita, Havana,
ndevu zimesokotana,
akachuuza mchana
sindano, barabarani.

Barua ikanijia:
“Kinyozi, nakulipia.”
Peso moja akatia,
sura yake sarafuni.

Ndevu zile, kazi yangu!
Mkato ule ni wangu!
Nikaenda na mwanangu,
chumvi tu, kule dukani.

Mwenye duka kaiuma,
akairudisha nyuma:
“Fedha hii ilikoma
na mwenye sura, zamani.”