Zamu ya Kongosho

Baba alirina asali miaka thelathini na mitatu
katika misitu ya Ipole, kusini mwa Sikonge,
na hakuwahi kuona nyuki mwenye filimbi.

Oktoba, jua likishika mzinga wa gome,
wachache husogea mlangoni, hupepea.
Joto likizidi, huongezeka. Likipungua, huacha.
"Nani huwaambia basi?" nilimuuliza, nina miaka tisa.
"Baridi," akasema, akafuta moshi machoni.
Joto huwaita kazini;
ubaridi waliouleta wenyewe ndio unaowafukuza.

Nikaja kuyasikia tena darasani
kwa jina la homoni:
ugali ukishuka, sukari ikapanda damuni,
kongosho humwaga insulini,
seli hufungua milango, ini huweka akiba;
sukari ikishuka, insulini nayo hunyamaza.
Na usiku wa manane, tumbo tupu,
glukagoni hubisha hodi kwenye ini: toa kidogo.
Kidogo tu.
Kazi inayojizima kwa kutimia.
Sisi wenye mwili tunakoroma.

Kongosho la Baba limeacha lindo.
Zamu nimeichukua mimi, Kalunde binti Mhoja,
mpima asali wa ghala la ushirika,
niliyezoea mizani ya kilo hamsini.
Chupa ya insulini naitia mfukoni,
mfuko kwenye mtungi, mtungi mchangani, kivulini.
Namtoboa kidole. Nasoma. Nahesabu. Namchoma.
Mimi, tezi ya miguu miwili:
nasinzia, nasahau, naenda Nkinga kumzika shangazi.
Yale lililoyafanya kufumba na kufumbua
mimi nayafanya kwa saa ya ukutani,
na jibu langu hufika limechelewa,
kubwa mno au dogo mno.

Juzi nilishamchoma ndipo uji ukaungua.
Nasugua sufuria nipike mwingine, nikasikia
anamwita dada yake, yule tuliyemzika.
Jasho. Mikono inatetemeka kama mbawa.
Kipimo: mbili nukta sita.
Nikakimbilia kopo tulilomkataza,
nikachovya kidole, nikampaka ufizi,
nikangoja, nikapaka tena,
nikihesabu pumzi zake, nikichanganya na zangu.

Kisha macho yakarudi, yakaniona mimi.
Akalamba midomo polepole, kama anayepima.
"Hii ya mtundu," akasema.
"Lakini mmeichanganya na ya mwaka jana."