Vumbi la Marumaru

Siku kumi na moja, asema Lubna kwenye simu,
na ukuta umepungua: tulikupa mita tisa,
sasa ni sita na nusu, mwenzako wa Salala
ameleta kitu kikubwa kuliko alichoahidi.
Naitikia. Natazama picha zangu nane
zimeegemea friji bovu, zimegeuza nyuso
kama watoto waliotiwa adabu darasani.

Karakana yangu iko Wadi Kabir.
Kushoto wanaziba pancha, kulia wanakata marumaru.
Siku ya kupanga, mwenye nyumba aliniuliza, utauza nini?
Rangi, nikasema.
Akaandika kwenye mkataba: rangi za magari.
Sikumsahihisha.

Juni hapa haina haya.
Akriliki inakauka kwenye brashi kabla sijaamua,
rangi ya mafuta nayo inatoa jasho, haikauki,
AC inadondosha maji kwenye kopo la samli,
na kila alasiri, mashine ya Sabu ikianza kulia,
unga mweupe unapita chini ya mlango,
unakaa juu ya kila kilicho kibichi.
Nimefuta, nimepuliza, nimetundika shuka la maji.
Vumbi halibishi hodi.

Picha ya nane ndiyo iliyonishinda:
kandambili za shangazi Ghaniya,
za buluu, kamba moja imefungwa kwa waya,
mbele ya mlango wa wodi.
Alizivua kama mtu anayeingia msikitini.
Hakuzivaa tena.

Kandambili nimeziweza,
hata kisigino kilivyozila upande mmoja.
Ni ile sakafu. Nachanganya nyeupe na kijivu,
na njano, tone tu, kama chumvi.
Inatoka maziwa. Inatoka chokaa.
Inatoka kanzu ya Idi.
Haitoki sakafu.

Jumatano nikamwendea Sabu na chupa ya chai
na sambusa sita: nizimie mashine, saa mbili tu.
Akazima, akajilaza juu ya katoni.
Nikarudi, nikashika brashi,
na kimya kikanikalia kifuani
kama mgeni asiyesema shida yake.
Nikasikia kopo: to. To. To.
Nikasikia wodi.
Robo saa haijatimia nagonga ukuta kwa nyundo,
Sabu, washa! Washa, baba!
Akawasha. Sambusa alishakula.

Unga ukaja. Safari hii sikuufuta.
Niliukwangua kwa kisu, nikaukanda ndani ya rangi,
na sakafu ikaanza kuwa baridi.

Iftikhar wa fremu alikuja kutoka Ruwi.
Kwanza hupima kwa shubiri, ndipo atoe futi,
na shubiri yake haijawahi kukosea.
Alisimama mbele ya ile ya nane.
Za nani hizi? Za shangazi.
Usizibane, akasema, acha nafasi huku chini,
viatu vinataka pa kutokea.
Akapunguza riali mbili bila kuombwa.

Lubna angependa ngome. Ngome zinauzika,
na majambia, na milango yenye misumari.
Lakini amekubali, bora nimpe majina kwa Kiarabu,
kesho vibandiko vinakwenda kuchapishwa.
Saba nimempa. La nane nimelala nalo.
Naali? Ni neno zuri, lina heshima zake,
ila halipigi kisigino,
halipiti ukumbini saa tano za usiku
kwenda kuhakikisha kama gesi imefungwa.

Basi nikaliandika lilelile
kwa herufi za Kiarabu, kama bibi na barua zake.
Lubna akalisoma kwenye simu, silabi kwa silabi,
akajikwaa katikati, akarudi, akavuka.
Ni jina la mahali? akauliza.

Nikatazama ile sakafu.
Ndiyo, nikasema.
Ni mahali.