Safu ya Saba

Nalipwa kuhesabu mioyo iliyosimama.
Ghorofa ya nne, Upper Hill, dirisha lisilofunga,
feni inafunua kurasa kabla sijazimaliza.
Safu ya saba ndiyo yangu: Sababu ya Kifo.

Leo mkuu kaleta majedwali mawili,
letu na la jirani,
akauliza kana kwamba ni mimi niliyewaua:
"Mbona wao hawafi moyo kama sisi?"
Nikabana kicheko.
Kufa moyo tunakufa sote, Bwana Kiptanui,
mshahara ukifika tarehe tisa.

Majibu ninayo. Chumvi.
Sigara moja moja za kioski.
Mafuta ya chipsi yanayochemka tangu Jumatatu.
Wao bado wanapanda vilima kwa miguu,
sisi tunapanda lifti, nayo ikiharibika tunaingojea.
Vidonge vya presha vinavyokatwa nusu
ili vifike mwisho wa mwezi.
Yote kweli,
na yote hayatoshi.

Kwa sababu mimi huvisoma vyeti.
Hiki cha Kayole: "moyo kusimama." Basi.
Daktari wa zamu, saa tisa usiku, wino umemwishia.
Nani aliyewahi kufa moyo wake ukidunda?
Hiki kingine: "uzee."
Miaka hamsini na miwili.

Na baba yangu, Ojiambo Mugeni,
shamba upande huu wa Busia,
kibanda cha kuziba pancha upande ule,
alianguka akisukuma baiskeli ya mteja
katikati ya malango mawili,
pale ambapo hata askari hawajui wasimame wapi.
Wa upande ule walisema, jua kali.
Wa huku walisema, kuna mtu alikitamani kibanda.
Shangazi Nabwire peke yake, akiosha masufuria ya matanga,
alisema taratibu, bila kumtazama yeyote,
"Tangu Pasaka alikuwa anashika kifua.
Akasema ni kiungulia."

Tulimzika Jumamosi.
Hakuna aliyeandika.
Nimemtafuta kwa tarehe. Nimemtafuta kwa umri.
Kwa jirani hayumo.
Kwetu hayumo.
Mtu mzima, kilo themanini na tatu,
amepita kati ya majedwali mawili
kama uzi usioingia tundu la sindano.

Saa kumi nimemwandikia mkuu:
"Tofauti inatokana na mambo mbalimbali."
Sentensi safi. Haimgusi mtu.

Kisha nikashuka ngazi zote nne kwa miguu,
nikaingia duka la dawa karibu na steji,
nikampa kijana mkono wa kushoto.
Alipuliza kile kitambaa mpaka vidole vikafa ganzi.
Mia na sitini na nne juu ya mia na mbili.
Akatazama namba, akanitazama mimi,
akapuliza tena.

"Mama, niandike?"
Daftari lake lilikuwa la shule, la mistari, jalada limetoka.
Andika, nikamwambia.
Andika na jina la baba.