Mguu wa Kushoto

Wiki ya tatu sasa Paskalina ananipa mguu wa kushoto
mkekani, Ngaramtoni, saa nne asubuhi,
wenzake wakianika soksi kwenye ua wa michongoma.
"Hapa," anasema. Nabonyeza hapa.
"Hapana, juu kidogo." Nabonyeza juu.
Mafuta ya mnyonyo yamenifundisha kusoma nyama kwa dole gumba:
kano iliyochanika husita,
msuli uliochoka huguna kabla ya mwenyewe.
Mguu huu hausiti, hauguni.
Mguu huu ni mzima kama jembe la dukani.

Kocha Naftali anapita na daftari lake:
"Dawa ya mguu ni barabara."
Kambini kila mtu ana dawa yake.
Jikoni wanasema maziwa. Mwenye nyumba anasema maombi.
Mimi nilitaka kumwambia ile ya mficha maradhi,
nikaimeza;
methali ni tamu kwa aliyekwisha kupona.

Mkononi ana saa inayojua kila kitu.
Mapigo ya moyo: arobaini na nne.
Usingizi wa jana: dakika tisini na sita.
"Moyo wako mzuri sana," daktari wa timu aliandika,
akagonga mhuri.

Alhamisi mvua ikatuzuia chini ya bati.
Akaongea akitazama kidole chake kidogo, kile kisicho na kucha:
"Dada, kule barabara ya Olmotonyi
bodaboda zikipita
huwa naomba moja iteleze, inikumbe.
Isiniue. Mguu tu.
Nilale hospitali wiki sita
na Dongobesh asiwepo wa kuuliza kwa nini."

Mikono yangu ikasimama.
Dongobesh kuna paa jekundu lililotoka kwenye nusu marathoni ya Machi,
wadogo wanne wanaosoma kwa mapafu yake,
na baba anayeweka redio dirishani kila Jumapili
majirani wasije wakalikosa jina.
Nani atamwambia mzee huyo kwamba binti amechoka
mahali ambapo bendeji haifungiki?

Sikumpa shauri. Nilimpa namba ya simu.

Bi Nairukoki ana chumba Kaloleni, nyuma ya duka la dawa.
Hakina kibao. Benchi la nje ni la watu wanne.
Tulimkuta refa, yuleyule wa penalti ya dakika ya tisini,
na msichana wa kidato cha sita, wa kwanza shuleni kwao,
anahesabu vigae, anakosea, anaanza upya.
Refa akatutambua. Tukamtambua.
Wote tukageukia kalenda ya benki
kama watu waliokutana uchi mtoni.
Kisha akasogea, bila neno,
akamwachia Paskalina upande wa benchi usioyumba.

Sijui walisema nini humo ndani.
Nilisikia kimya, kirefu, halafu mtu akipenga kamasi.
Nilitegemea atoke amepona. Upuuzi wangu.
Alitoka ana njaa.
Tukala chipsi mayai tumesimama,
jakaranda ikitudondoshea maua kwenye sahani,
akala na ua moja, bahati mbaya, akacheka,
na mimi nikageuka nisionekane macho.

Mbio za Moshi amejitoa.
Kocha hakusema naye siku tisa;
ya kumi akaleta maparachichi mawili
ndani ya soksi safi, akaning'iniza mlangoni, akaondoka haraka.
Kila Jumanne Kaloleni. Zipo Jumatano mbaya bado.
Saa ameizika kwenye pipa la unga,
huko ihesabu usingizi wa mahindi.

Leo amechelewa kurudi. Mbuzi wa kwa Loshiro
walikuwa wanavuka, akawapisha wote,
hata yule kilema wa mwisho.
Amelala mkekani. Nimepaka mafuta. "Wapi?"
Amewaza muda mrefu, kama mtu anayepekua begi.
"Leo hauumi."
Nikachukua kizibo, nikaanza kuifunga chupa.
"Sikusema uache."